Bajia za Bamia na Kosa la Maji

Bamia ina maadui wengi, na ukiwauliza kisa cha uadui wao, jibu huwa moja: ute. Hawailalamikii ladha yake, ambayo ni ya upole, wala rangi yake. Wanalalamikia ule uzi unaonyooka kutoka kwenye sahani hadi kwenye kijiko na kukataa kukatika. Nilikuwa miongoni mwao kwa miaka mingi, na kilichonibadilisha hakikuwa mchuzi wala mahubiri ya lishe bora, bali karai la mafuta na unga wa dengu kwa mtindo wa Kihindi. Maoni yangu ni kwamba bamia imebebeshwa lawama za maji, na kwamba hata sisi tunaojaribu kuitetea kwa kuikaanga huwa tunalirudia kosa lilelile bila kujua.

Ute wa bamia ni aina ya wanga wenye minyororo mirefu, ambao hutulia ndani ya ganda mpaka ukutane na maji. Ukiikata bamia ikiwa na unyevu, ukaichemsha na kuikoroga, ute huvimba na kusambaa katika chungu kizima. Joto kavu huudhibiti, na uchachu huupunguza nguvu. India ndiyo nchi inayozalisha bamia nyingi kuliko nyingine yoyote duniani, na wapishi wake, ambao huiita bhindi, wana mazoea yanayoonyesha kwamba jambo hili walilielewa zamani: mara nyingi huipika bila kufunika sufuria ili mvuke usirudi ndani, huigeuza kwa uchache, na wengi wao hutia chumvi mwishoni, kwa sababu chumvi huvuta maji kutoka kwenye mboga.

Jaribio langu la kwanza lilikuwa la aibu. Niliosha bamia, nikazikata vipande vinene zikiwa bado zinatiririka maji, nikazichovya katika rojo zito la unga wa dengu kama mtu anayetengeneza bajia za viazi. Zilipoingia katika mafuta zilipendeza, zikafura na kupata rangi ya dhahabu, nami nikajipongeza mapema. Nilipoivunja moja, ganda la unga lilibaki mkononi na bamia ikachomoka kama samaki, imeiva kwa mvuke wake yenyewe, ikiwa na ute kuliko ile ya kuchemsha. Rojo zito huifunika bamia kama blanketi, na unyevu wote hubaki humo ndani.

Dawa yake ni njia ambayo Wahindi huiita kurkuri bhindi, na neno kurkuri lenyewe linataja ule mlio wa kitu kikavu kinapotafunwa. Bamia huoshwa zikiwa nzima, hufutwa moja moja kwa kitambaa, kisha huachwa zikauke kabisa. Kazi hii inachosha, lakini haina njia ya mkato. Chagua changa, zisizozidi urefu wa kidole, kwa kuwa zilizokomaa huwa na nyuzi ambazo hakuna mafuta yatakayozilainisha. Kata kichwa na ncha, pasua kila moja kwa urefu mara nne, na ukipenda uondoe mbegu. Kwa nusu kilo ya bamia, nyunyizia vijiko vinne vya unga wa dengu na viwili vya unga wa mchele, pamoja na manjano, pilipili ya unga, bizari nyembamba, chembe kidogo ya mvuje (utomvu mkavu wenye harufu kali), na unga wa embe bichi zilizokaushwa. Huo wa embe naupenda kuliko limau katika hatua hii, kwa sababu unaleta uchachu bila kuleta tone la maji.

Hapa ndipo penye ujanja wote. Usiongeze maji. Changanya kwa vidole, polepole, na subiri dakika chache. Ute unaotoka katika sehemu zilizokatwa utaudaka unga na kuushikilia kwenye kila kipande. Kitu kilekile kinachoifanya bamia ichukiwe ndicho kinachofanya kazi ya gundi, na kwa kuwa kimekwisha kunywewa na unga, hakibaki cha kuteleza mdomoni. Nimeona watu wakivunja yai au kutia hamira ya unga katika mchanganyiko huu. Yai ni unyevu mwingine, na hamira hufurisha mahali ambapo tunataka wembamba. Chumvi nyunyiza dakika ileile unayotaka kukaanga, si kabla.

Mafuta yawe na joto la nyuzi 175 hadi 180 za Selsiasi. Asiye na kipimajoto adondoshe kipande kimoja cha bamia: kikizama na kukaa chini, mafuta hayajawa tayari, kikipanda mara moja huku kikitoa mapovu madogo, endelea. Kaanga kiasi kidogo kwa wakati, kwa kuwa ukijaza karai joto litashuka na bamia zitakunywa mafuta. Sikiliza mapovu kuliko kutazama rangi, kwani yanapopungua sauti, maji ya ndani yamekwisha. Opoa, tandaza kwenye chujio la waya bila kuzirundika, na usizifunike hata kama mgeni amechelewa.

Chatini ya ukwaju au ya kotimiri huandamana nazo vizuri, ila iwekwe pembeni, kila mtu achovye mwenyewe. Wapo wanaoimwagia sahani nzima wakidhani wanafanya ukarimu, na baada ya dakika tano bamia huwa zimeshaanza kuteleza tena.