Farasi 15 Wote Wamelala

Hapa Kilindoni ukitaka kujua Mafia ina mafundi wangapi, usihangaike kwenda kuuliza halmashauri. Fungua tu kofia ya mashine ya boti pale ufukweni, shika spana, inama. Watatoka. Wengine sijui huwa wanajificha wapi, maana siku ya kusukuma boti maji yakiwa yamekupwa humwoni hata mmoja.

Mashine yangu imenoki. Ubavuni imeandikwa ina nguvu za farasi 15, na farasi wote wamelala. Ukivuta kamba ya kuwashia unajivuta mwenyewe. Na msimu wenyewe ndio huu wa papa potwe, yule papa mkubwa asiye na madhara ambaye wageni huja kuogelea naye, wamejaa. Jirani yangu kila asubuhi anapita na boti imesheheni wazungu waliovaa mapezi ya plastiki miguuni, ananipungia mkono. Mkono wa nini? Angenipungia spana namba 12.

Aliyeiua ni shemeji. Sasa wewe mnyime kaka wa mkeo boti ya kupeleka watu harusini Jibondo, halafu uone chakula cha usiku utakula kwa nani. Nikampa. Karudi anavutwa kwa kamba na ngalawa, mashine kaifunika khanga kama maiti. "Shemeji, iko salama, imechoka tu."

Nikamuuliza: ilikuwa inakojoa? Maana mashine hizi hazina rejeta. Pampu iliyoko mguuni, kule chini kunakozama majini, inanyonya maji ya bahari, yanapanda kupoza silinda, mengine yanarushwa nje kwa kitundu kidogo. Ukiona hairushi, unazima hapohapo. Akanijibu kwa utulivu wa mtu aliyekwisha kula pilau ya harusi: "Haikukojoa njia nzima. Nilidhani haijabanwa."

Haijabanwa! Pistoni je? Pistoni ni ya aluminiamu, silinda ndani yake ni chuma, na aluminiamu ikipata moto hutanuka karibu mara mbili ya chuma. Haina pa kwenda, inang'ang'ania humohumo. Nikatoa plagi, nikamimina dizeli na mafuta ya steringi kwenye matundu yake, nikasema ilale ilowe. Kazi hii haitaki nguvu, inataka subira, na subira ndiyo kitu watu wa ufukweni hawawezi kukuachia.

Kijana wa bodaboda akasema, "Kaka, mimina Coca-Cola." Kwenye mashine ambayo chumvi imeitafuna miaka yote hiyo, niiongezee na sukari. Fundi pikipiki akaja na uso wa daktari, akaizunguka, akainama, mwishowe akaniuliza oili inawekwa wapi. Nikamwambia hii oili yake inachanganywa kwenye petroli, dumu la lita 20 unatia mililita 400. Akacheka! Akasema hapo ndipo nilipoiua, petroli na oili wapi na wapi. Watu wakatikisa vichwa kumuunga mkono.

Mzee mmoja nikamwamkia, akaitikia marahaba na papo hapo akajikalia juu ya kisanduku changu cha spana. "Mwanangu, sisi kusi ikitupeleka Unguja na kaskazi ikiturudisha, hatukuchoma hata tone la petroli." Ndiyo mzee, ila naomba spana. "Ifukizie ubani." Sawa mzee, spana. Hakuinuka mpaka ilipoletwa kahawa, na kahawa nililipa mimi.

Basi, mafuta yalipokwisha penya nikashika flaiwili, lile gurudumu zito la juu ya mashine, kwa mikono miwili, huku kidogo, kule kidogo, bila nyundo, ingawa nyundo zilizopendekezwa pale zingetosha kujenga jahazi. Ikasogea! Mwenye Coca-Cola akapiga makofi, akawaambia watu, "Si nilimwambia?" Hakuna aliyemwuliza alimwambia nini.

Ikabaki kufungua mguu niione pampu. Hapo ndipo bahari inapokuonyesha uadui wake. Bolti ya chuma ndani ya aluminiamu, katikati maji ya chumvi, vinakuwa kitu kimoja. Nikachukua birika la mke wangu, nikamwagia maji ya moto ili aluminiamu itanuke iachie. Tatu zikaachia. Ya nne ikakatika kichwa, tak! Na mke wangu naye anataka kujua kwa nini chai inanuka dizeli. Nimwambie nini? Nikamwambia amuulize kaka yake.

Ndani, impela, kile kigurudumu cha mpira kinachosukuma maji, hakikuwa na bawa hata moja. Mchanga umeyala yote. Mashine ya maelfu ya dola imeuawa na kipande cha mpira kinachoenea kiganjani, na kipande chenyewe Mafia nzima hakipo. Nikapiga simu Kariakoo, nikatuma pesa, nikamtajia muuzaji mara mbili: ya farasi 15. Nikamtumia na picha. Mzigo ukaja na boti ya kutoka Nyamisati, kule bara, nikaufungua mbele ya mafundi wangu wote waliojipanga. Katuma ya farasi 40, haiingii hata kwa matusi.

Nikampigia. "Mjomba," akaniambia, "hiyo nimekupendelea. Kubwa inanyonya maji mengi zaidi. Wewe tafuta fundi aichongechonge kidogo."

Walionizunguka wakasikia. Sita wakanyoosha mikono.