Mpira usio na refa, na kazi unayoiachia shule

Tarehe 2 Julai 1994, beki Andrés Escobar aliuawa kwa risasi mjini Medellín, Kolombia, siku kumi baada ya kujifunga kwenye mechi ya Kombe la Dunia dhidi ya Marekani. Kufuatia mauaji hayo, vijana wa mitaa ya Medellín waliletewa mpira wa aina nyingine, ambao sasa unachezwa nchi nyingi: timu huchanganya wavulana na wasichana, refa hayupo, vipindi ni vitatu.

Kwanza timu zote mbili hukaa duara moja na kukubaliana kanuni, kwa mfano goli la kwanza lifungwe na msichana. Kisha wanacheza. Kipindi cha tatu hurudi kwenye duara, na kila timu huipa nyingine pointi za uungwana, zinazojumlishwa na za matokeo. Aliyefunga magoli mengi anaweza kuondoka ameshindwa. Msuluhishi, anayeongoza mazungumzo ya duara, huuliza tu, haamui.

Kinachoharibika mara nyingi ni hicho kipindi cha tatu. Jua linazama, watoto wana njaa, basi timu zinapeana pointi zote ili waondoke, au nahodha anasema peke yake. Bora mechi ifupishwe, robo saa ibaki kwa mazungumzo, wadogo waanze kusema, na kila pointi itolewe kwa tukio lililoonekana: nani alimwinua mwenzake, nani alikubali kuwa aliunawa mpira.

Wanaoutilia shaka mpira kama njia ya amani wana hoja nzito. Utafiti wa Salma Mousa kaskazini mwa Iraki, uliochapishwa 2020, uliwachanganya Wakristo waliokimbia kundi la wapiganaji la ISIS na Waislamu katika timu za ridhaa. Ndani ya ligi urafiki ulikua kweli; miezi sita baadaye wengine walikuwa bado wanafanya mazoezi pamoja. Nje ya uwanja, kama kwenda kula kwenye mkahawa wa mji wenye Waislamu wengi, mabadiliko hayakuonekana wazi.

Kwangu hilo haliufuti mpira, linaonyesha unapoishia. Mtoto aliyezoea duara uwanjani, kisha akigombana darasani anachapwa fimbo bila kuulizwa, atajua duara ni la michezoni tu. Mwalimu wa nidhamu naye aketi na wagomvi: kila upande useme bila kukatizwa, arudie alichosikia kwa mwenzake, ndipo wapange fidia na siku ya kukutana tena kuona kama imetekelezwa.