Rabi au Madrikh: Nani Aiongoze Jumuiya ya Wayahudi Isiyosali?

Mwaka 1963, Sherwin Wine, rabi aliyesomea katika chuo cha Uyahudi wa Mageuzi, tawi linalokubali kubadilisha mapokeo, alianzisha pamoja na familia chache jumuiya ya Birmingham Temple katika vitongoji vya Detroit, Marekani. Haukupita muda mrefu jina la Mungu likaondolewa katika ibada, na gombo la Torati likawekwa maktaba, lisomwe kama urithi wa historia na fasihi badala ya kuwa amri. Kutokana na chimbuko hilo ulikua Uyahudi wa kibinadamu, unaoshika utamaduni wa Kiyahudi bila kumwomba Mungu, ambao mwaka 1985 ulijipatia taasisi ya kimataifa ya kufundisha viongozi wake. Swali linaloikabili taasisi hiyo mpaka leo si dogo: mtu wa kuongoza jumuiya isiyomwomba yeyote afundishwe nini, na apewe cheo gani?

Njia zilizopo ni mbili. Ya kwanza ni ya madrikh, yaani kiongozi, ambaye kwa kawaida ni mwanajumuiya mwenye shughuli zake nyingine, anayehudhuria semina za historia ya Wayahudi, fasihi na falsafa ya ubinadamu, na kufundishwa kuendesha sikukuu, harusi, mazishi na sherehe za kumpa mtoto jina. Ya pili ni ya rabi, inayodai miaka mingi zaidi, masomo ya ngazi ya uzamili na mazoezi ya kazi chini ya msimamizi. Rabi wa kwanza kuhitimu kwa njia hiyo Amerika Kaskazini alikuwa Tamara Kolton, mwaka 1999.

Wanaompendelea madrikh wana hoja nzito. Imani inayosema kwamba mamlaka yako mikononi mwa watu haiwezi, bila kujipinga, kutengeneza tabaka la makasisi. Tena hata sheria ya kale ya Kiyahudi haimlazimishi rabi awepo ili ndoa ifungike, kwani mashahidi wawili wanaostahili wanatosha, na sala huweza kuongozwa na yeyote anayeijua. Lipo pia suala la fedha, maana jumuiya nyingi za aina hii ni ndogo, na mshahara wa rabi wa kudumu hauko ndani ya uwezo wao.

Upande wa pili unajibu kwamba ulimwengu wa nje hauulizi falsafa, unauliza cheo. Hospitali inayotafuta mtu wa kumfariji mgonjwa, baraza la viongozi wa dini la mji, hata bibi wa bwana harusi, wote wanamfahamu rabi, lakini madrikh itabidi kwanza ajieleze. Muhimu zaidi, anayeiacha sala anapaswa kuijua kuliko anayeirudia kwa mazoea, la sivyo Pasaka yake ya Kiyahudi, sikukuu ya kukumbuka kutoka utumwani Misri, itabaki hotuba ya jumla kuhusu uhuru ambayo ingeweza kutolewa na mtu yeyote, mahali popote. Hoja hii ya elimu naikubali. Ile ya cheo naitilia shaka, kwa sababu mwaka 1994 muungano wa masinagogi ya Mageuzi ulikataa kuipokea jumuiya ya Beth Adam ya Cincinnati, iliyokuwa na rabi wake, kwa kuwa ibada yake haikumtaja Mungu.

Mafunzo haya hupimwa hasa kaburini. Kadishi, sala ya waombolezaji iliyo katika Kiaramu, haitaji kifo hata mara moja. Kuanzia mwanzo hadi mwisho inamtukuza Mungu. Wine alisisitiza kwamba mtu asitamke asichokiamini. Sasa tuseme anakuja kijana aliyefiwa na baba, ambaye hajakanyaga sinagogi tangu utotoni, anataka Kadishi isomwe, tena ile ileile aliyoisikia kwa babu yake. Kiongozi akatae kwa ajili ya msimamo? Asome maneno mbadala yanayowataja wafu na kumbukumbu zao? Au amwachie mjomba mmoja asome, yeye akisimama kando? Semina inaweza kueleza chaguo zote tatu kwa saa moja, lakini kujua ipi inaifaa familia iliyosimama mbele yako, na kuisema bila kumdhalilisha mfiwa, hujifunzwa kwa kusimama makaburini mara nyingi pamoja na aliyetangulia. Hapo sioni kwa nini shahada ya uzamili imtangulie madrikh aliyelelewa vizuri.

Mahitaji nayo yapo. Utafiti wa Pew, shirika la utafiti la Marekani, wa mwaka 2020 ulionyesha kwamba asilimia 27 ya Wayahudi watu wazima wa Marekani hawajihesabu kuwa na dini, na wengi huoa au kuolewa na wasio Wayahudi, ndoa ambazo marabi wa Kiorthodoksi na wa Kihafidhina, matawi yanayoshika zaidi mapokeo, hawazifungishi. Kisheria pia mlango umeanza kufunguka: mwaka 2014 mahakama ya rufaa ya shirikisho iliamua kwamba jimbo la Indiana haliwezi kuwaruhusu makasisi kufungisha ndoa na kuwanyima wafungishaji wa kibinadamu.

Israeli hali ni tofauti. Marabi wasio wa kidini walianza kutawazwa Jerusalem mwaka 2006, lakini harusi wanazoongoza hazitambuliwi na dola, na maharusi hulazimika kutafuta cheti kwingine, kwa mfano Kupro. Huko, ambako jina la rabi lenyewe linagombaniwa na Urabi Mkuu, mamlaka rasmi ya dini inayosimamia ndoa za Wayahudi nchini, ninaona sababu ya kuvumilia miaka mingi ya masomo ili kulipata. Kwa jumuiya ndogo za Marekani, fedha za masomo hayo zingefaa zaidi kumlipa kiongozi mzoefu amsimamie madrikh mpya katika mazishi yake ya mwanzo.