Video ya harusi iandaliwe kwa TV ya sebuleni

Napiga video za harusi hapa Dar, na vijana wanaoanza huniuliza: kazi ikikamilika, mteja umkabidhi kwenye nini? Jibu langu ni flashi ya GB 32 iliyofomatiwa FAT32, yaani mpangilio wa zamani wa kuhifadhi mafaili, video zikiwa MP4 za H.264, njia ya kubana video. Wapo watakaosema nimepitwa na wakati.

Mwaka jana nilimkabidhi bwana harusi faili moja la GB 11 kwenye flashi ya exFAT, mpangilio mpya zaidi unaopokea mafaili makubwa. Kwenye kompyuta yangu lilicheza vizuri kabisa. Jumapili mama yake akanipigia kutoka Mbagala. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu. Mbona TV inasema hamna kitu?" Nilipofika nikakuta mkeka umetandikwa, soda zimeshafunguliwa, na ndugu waliotoka Songea wanatazama kioo cheusi.

TV nyingi za majumbani, hasa za zamani kidogo, haziijui exFAT. FAT32 karibu zote zinaisoma, ila haipokei faili linalofika GB 4. Hapo ndipo wengi wanapoikimbia, bure tu. Saa moja ya Full HD kwa megabiti 8 kwa sekunde ni GB 3.6. Na harusi zetu zimeshajigawa zenyewe: sendofu, kanisani au msikitini, picha za ufukweni, ukumbini. Kila tukio lipe faili lake, na ukumbini pakizidi saa, kata mara mbili. Mama atafungua anachokitaka. H.265, iliyokuja baada ya H.264, inapunguza ukubwa sana, lakini TV ya zamani itakupa sauti bila picha.

DVD ya kawaida inabeba GB 4.7 tu, na laptop nyingi za sasa hazina hata pa kuiingiza. Linki nayo inamla mteja bando baada ya kukulipa.

Kinachoniuma zaidi ni flashi feki. Niliwahi kununua kumi Kariakoo, zimeandikwa GB 32, kumbe ndani ni GB 8. Kukopi kulikwenda mpaka mwisho bila tatizo. Ukifungua, bibi harusi anaingia ukumbini, anafika katikati ya zulia, picha inaganda. Siku hizi flashi haitoki mkononi mwangu kabla ya kupita kwenye H2testw, programu inayoijaza pomoni kisha kusoma tena kila ilichoandika. Inachukua muda, na muda huo nimeuweka kwenye bei.

Yule mama nilimrudishia flashi jioni ileile. Tukaangalia wote mpaka kwenye keki.