Kabla hujatangaza umepata kipepeo wa ajabu

Jamani hili naomba niliseme. Mvua zikianza tu, simu zinajaa picha za vipepeo na maneno ni yaleyale, "huyu sijawahi kumuona, atakuwa spishi mpya", na ukimwangalia vizuri ni wa kawaida kabisa. Nafurahi sana mtu akisimama kumtazama kipepeo, ila kwangu mimi wa ajabu huwezi kumjua kama wa kawaida humjui, na wa kawaida wa huku kwetu ana sura nyingi balaa.

Mchukue Papilio dardanus, yupo milima ya Usambara, yupo msitu wa Arabuko-Sokoke, mpaka kwenye bustani za Nairobi anapita. Dume ni wa njano mpauko na ana mikia, humkosei. Jike wa huku sasa, mkia hana, halafu mmoja ni mweusi na mweupe, mwingine mweusi na rangi ya chungwa, kila mmoja anaiga kipepeo mwingine mwenye ladha mbaya ambaye ndege wanamkwepa. Ukivuka Madagascar majike wanafanana na madume, mkia na kila kitu! Halafu kuna Precis octavia, wakati wa mvua ni wa chungwa, kiangazi ni bluu iliyokolea, na ni yuleyule, joto alilokulia ndilo linaamua.

Wanaochanganya watu zaidi ni Danaus chrysippus na jike la Hypolimnas misippus. Wote wa chungwa, wengi wao wana ncha nyeusi ya bawa yenye doa jeupe, wanaruka barabarani mchana kweupe. Usihangaike na rangi, angalia bawa la nyuma. Danaus ana vidoa vyeusi vitatu au vinne katikati, misippus ana kimoja tu, kiko juu karibu na ukingo wa mbele, na pindo la bawa lake lina mikunjomikunjo. Dume la misippus ndiyo kabisa, jeusi lenye mabaka meupe yaliyozungukwa na zambarau, ukiwaweka pamoja huwezi kuamini ni mke na mume.

Sasa wa ajabu kweli wapo, tena ndiyo maana nasisitiza. Kuna anayezaliwa nusu dume nusu jike, mstari unapita katikati ya mwili, yaani misippus wa hivyo upande mmoja ni mweusi na upande wa pili ni chungwa. Kuna ambaye pupa yake, yaani kile kifuko cha kiwavi kabla hajawa kipepeo, ilipigwa na baridi au joto kali madoa yakaungana au yakafutika. Huyo ukimkuta shangilia. Ila bawa lililochakaa likapoteza magamba yake, yaani ule unga wenye rangi, au lililokatika pande zote mbili sawasawa kwa sababu ndege alimdona akiwa amefunga mabawa, au lililojikunja kwa sababu halikutanuka vizuri alipotoka kwenye pupa, hiyo ni ajali.

Kwa hiyo piga picha ya juu na ya chini ya mabawa, zote mbili, maana upande wa chini mara nyingi ndio unaomtaja. Filta usiweke kabisa. Andika tarehe na mahali, na kama alikuwa anataga andika ni mmea gani. Na tafadhali usimbane kwa vidole, magamba yanatoka na ndiyo hayo tunayoyasoma.

Wa Nairobi hasa msichoke kuwarekodi. Pale aina za Danaus chrysippus zinakutana na kuzaana, mwenye ncha nyeusi na asiye nayo, watoto wanatoka na sura za katikati, na baadhi ya majike wana bakteria wa Spiroplasma anayeua watoto wa kiume wakiwa bado kwenye yai, mama anabaki na mabinti watupu. Picha ya kipepeo "wa kawaida" ikiwa na tarehe na jinsia yake, pale Nairobi ina thamani kubwa, kwa hiyo hata huyo mnayemwona kila siku mpigeni picha.