Maji ya Kilimanjaro yanafika baharini, sisi wenye mlima bado

Bibi mmoja ninayemhudumia hapa Leipzig ana chupa ya jamu kando ya kitanda, imejaa mchanga mweupe. Ni mchanga wa ufukwe wa Warnemünde, huko kaskazini kwao. Nafanya kazi kwenye nyumba ya kulelea wazee, mwaka wa sita sasa, na kila zamu ya asubuhi lazima niisogeze ile chupa ndipo nipate mahali pa kuweka beseni. Mwezi wa saba mwaka jana, nimepiga magoti namfuta maji kwenye vidole vya miguu, akaniuliza: "Na kwenu kuna bahari, si ndiyo? Ikoje?"

Nilikaa kimya. Nimezaliwa Kibosho, nimesoma Moshi mjini, nchi yangu ina pwani inayoanzia mpaka wa Kenya mpaka mto Ruvuma, na jibu sikuwa nalo. Bahari niliiona mara ya kwanza nina miaka 26, siku niliyokwenda Dar kwenye usaili wa viza. Niliiona kupitia dirisha la daladala, nimeshika bahasha ya vyeti mapajani, na sikushuka kwa sababu niliogopa kuchelewa. Yaani bahari ya kwetu niliiaga kabla hatujasalimiana.

Swali lile lilinisumbua wiki nzima. Na msidhani huyu bibi alikuwa tajiri. Alisokota pamba kwenye kiwanda cha nyuzi cha mji huu huu (kiwanda kile, enzi za Wajerumani, kiliwahi kuwa na mashamba ya pamba huko kwetu, nami nimekuja kuyajua hayo nikiwa huku). Wakati wa Ujerumani Mashariki chama cha wafanyakazi kilikuwa na nyumba za mapumziko ufukweni, na mfanyakazi zamu yake ikifika anapewa karatasi yake, anapanda treni na watoto, anakaa baharini kwa bei ndogo. Kutoka Leipzig hadi pwani yao ya Rostock ni mwendo unaokaribiana na Moshi hadi Tanga, kilomita kama 350. Umbali ni ule ule. Yeye ana chupa ya mchanga, mama yangu ana miaka 71 na mguu wake haujaonja maji ya chumvi.

Mwezi wa nane nikaenda kuona hiyo Warnemünde, nilialikwa na mfanyakazi mwenzangu na familia yake. Niseme ukweli: ufukwe ni mpana na msafi, vyoo vipo, njia za mbao zimelazwa mchangani ili wenye viti vya magurudumu wafike. Unalipa ushuru wa siku, euro chache, na unaona kazi yake. Lakini maji! Nyuzi 18, nikaingia hadi magotini nikahisi mifupa inauma. Upepo unavuma mpaka wamejitengenezea viti vya kusuka kama tenga kubwa, vina paa na pande mbili za kujikinga, watu wawili wanakaa ndani. Kiti cha kwanza kilisukwa Rostock mwaka 1882 na fundi aitwaye Wilhelm Bartelmann, kwa ajili ya mama mmoja mgonjwa wa baridi yabisi aliyetaka kukaa ufukweni bila kupigwa na upepo. Hilo ndilo lililonigusa. Mtu anaumwa viungo, bahari ni ya baridi, na badala ya kumwambia abaki nyumbani walimtengenezea kiti.

Pembeni yetu walikuwepo akina mama watatu wa umri wa mama yangu, wamekunja suruali, wameshikana mikono, wanaingia majini wanapiga kelele kwa baridi. Nikatazama nikaona donge limenikaa kooni. Sisi tuna bahari ambayo mwaka mzima haishuki sana chini ya nyuzi 25. Watu wanaruka kwa ndege kwa muda wa saa nane na zaidi kuifuata. Sisi wa mlimani tunawapokea pale uwanja wa ndege wa KIA, tunawapandisha mlimani, tunawapeleka Serengeti, tunawasindikiza kwenye ndege ya Zanzibar, halafu tunarudi nyumbani kukata majani ya ng'ombe.

Hilo tu ndilo ninalolisema. Watu wa bara wa huku wanaona bahari ni yao. Watu wa bara wa kwetu tunaona bahari ni ya watu wa pwani na wazungu.

Najua mtakachosema, maana kwenye group la familia kimeshasemwa chote. Kaka yangu aliandika, "Umefika Ulaya sasa unatufundisha kupumzika." Kaka, sikufundishi. Sheria ya kazi ya mwaka 2004 inampa mwajiriwa wa Tanzania siku 28 za likizo kwa mwaka. Tunazo. Swali ni tunazipeleka wapi: kujenga, kuzika, kuchuma kahawa, na Desemba kurudi mlimani "kuhesabiwa". Na sisemi hayo ni mabaya! Wanaotucheka kwamba Wachaga wote Krismasi wanakimbilia mlimani hawajui wanachokicheka. Hapa kuna mzee ninayemlisha mimi chakula cha Krismasi na watoto wake wanakaa kilomita 20. Sitaki tujifunze hilo. Niliwaambia na Wajerumani wenyewe, kwetu mzee haachwi na chupa ya mchanga.

Wengine mtasema hela. Sawa, hela. Ila tusidanganyane. Tumechanga harusi ngapi? Msiba ukitokea Dar tunakodi Coaster mbili usiku mmoja na asubuhi tuko barabarani. Dada zetu wanashuka Dar kwenye kitchen party, wanashona sare, wanarudi kesho yake, na baharini hawafiki. Hela huwa inapatikana pale jambo likihesabiwa kuwa ni jambo. Kupumzika hatujakuhesabu.

Na mwingine ataniambia Chemka ipo, ile chemchemi ya kuogelea ya kwetu. Chemka naipenda, maji yale ya bluu chini ya mizizi ya mikuyu hakuna asiyeyapenda. Lakini Chemka unaona ng'ambo.

Januari iliyofuata nilikuja likizo, nikamwambia dada yangu twende kwanza sisi wawili tukakague. Tuliondoka Moshi alfajiri, tukapita Same, Mombo, Korogwe kwenye mashamba ya mkonge, Segera tukakata kushoto, Muheza tukanunua machungwa. Tanga tulifika mapema mchana. Kesho yake tukateremka Pangani, kama kilomita 50.

Pale Pangani nilisimama kwenye kivuko nikatazama mto. Mto Pangani, ndugu zangu, ni maji yetu. Yanatoka Kilimanjaro na Meru, yanakutana Nyumba ya Mungu, yanazungusha mitambo ya umeme kule Hale, yanamwagika hapo. Mifereji ya Kibosho, maji yaliyobaki baada ya kumwagilia migomba ya mama, yanaishia pale chini ya kivuko, ya rangi ya udongo, yanakutana na maji ya bluu, unauona kabisa mstari. Na kahawa yetu hivyo hivyo. Wajerumani walianza kujenga reli Tanga mwaka 1893, ikapanda polepole hadi Moshi, Arusha ikafika 1929, ili mazao yashuke bandarini. Maji yanashuka, kahawa inashuka. Mama hajashuka.

Tukavuka kwenda Bweni, tukashika bodaboda hadi Ushongo. Sijui nianzie wapi. Minazi imeinama, mchanga mgumu wa kutembea bila viatu, na kimya. Nilipoingia majini nikasubiri yale maumivu ya Warnemünde magotini, hayakuja. Maji yalikuwa ya uvuguvugu kama ya kumwogeshea mtoto. Dada yangu alikaa pale mawimbi yanapoishia, na kanga yake na blauzi yake, akaacha maji yampande mpaka kiunoni na hakusema neno nusu saa. Wanaosema baharini lazima uvae nusu uchi hawajawaona kina mama wa Pangani wanavyoingia na madera yao. Na mkitaka kujua habari za mashetani ya baharini, tuliyaacha Moshi kwenye mazungumzo.

Kijiji kile wanatunza kasa. Mbele yake kuna kisiwa cha Maziwe, ni hifadhi, zamani kilikuwa na miti na siku hizi ni fungu la mchanga linalozama maji yakijaa. Kasa bado wanataga pale, kwa hiyo wanakijiji wanahamisha mayai kuyaleta ufukweni, wanayafukia upya, kiasi cha miezi miwili baadaye vinatoka vikasa vidogo vya kuenea kiganjani, vinakimbilia maji. Tulikuta kiota kimewekewa uzio wa fito. Mama yangu, ambaye akipata kifaranga mgonjwa anamlaza jikoni kwenye kikapu, angekaa hapo mpaka giza liingie.

Sasa la kuudhi. Kwenye hoteli moja ya pwani hiyo, silitaji jina, tulikuwa tunatembea mchangani mlinzi akatusimamisha: "Mnakwenda kumwona nani?" Nyuma yetu walikuja wazungu wawili, wakapita, hakuna aliyewauliza. Dada yangu akanyamaza. Mimi sikunyamaza. Sheria ya mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka maji yanapofika, na mtu anataka kunizuia kukanyaga mchanga uliolowa! Niliuliza bei ya chumba wakanitajia kwa dola. Nilitetemeka kwa hasira, na bado nikiandika hapa natetemeka. Warnemünde, nchi ya watu, mimi mweusi peke yangu ufukwe mzima, hakuna aliyeniuliza namfuata nani.

Lakini baadaye usiku nikafikiri. Yule mlinzi ni kijana wa pale pale. Tangu aajiriwe amewaona watu wangapi wa Moshi wakija na familia zao kuogelea? Mahali ambapo sisi hatuendi, atajifunza wapi kutukaribisha? Tulilala kwenye nyumba ya wageni ya kawaida kijijini, safi, ina neti, mama wa pale akatupikia samaki changu na wali wa nazi, tukalipa kwa shilingi. Hapo ndipo pa kupeleka mama zetu. Tukianza kufika kumi, ishirini, mia, wale wa dola watatafuta bei nyingine wenyewe.

Kwa watakaokwenda: epukeni masika, Machi mwishoni hadi Mei. Februari ndiyo bora kwa mtu wa kihamba, yaani mwenye shamba la nyumbani la migomba na kahawa: kahawa imeisha na watu wa Desemba wameondoka, ingawa joto ni kali, mtu wa Kibosho alale mchana. Wanaochukia joto waende Julai au Agosti wakati wa upepo wa kusi, kuna upepo na hewa nzuri. Na ulizeni wavuvi maji yanajaa saa ngapi kabla ya kumshusha mzee ufukweni. Siku za bamvu, yaani mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji yanakupwa mbali mno, utamtembeza kwenye tope na magoti yake yale.

Mama nimempigia mara tatu mwezi huu. Mara ya kwanza akasema hela hiyo ninunue bati za jiko. Nikamwambia bati zipo kwenye hesabu nyingine. Mara ya pili akauliza kama kule kuna ndizi za kupika, nikamwambia tutabeba mkungu. Jana akakaa kimya kidogo kwenye simu, nikasikia kwa nyuma ng'ombe analia bandani.

"Na huyu atakatiwa majani na nani siku zote tatu?"

Nimeshaongea na kijana wa kwa jirani. Ataanza kuja siku moja kabla, ng'ombe amzoee.