Krimu ya uso ya kienyeji kwa bei ya kitajiri: tunalipia nini?

Siku hizi hapa Tanga kuna krimu za uso zinazouzwa kwenye vikopo vidogo vya kioo, zimeandikwa kwamba zimetengenezwa kwa njia za kienyeji, na kikopo kimoja bei yake inakaribia gunia la mkaa. Wengine wanasema ni wizi mtupu, mafuta ya nazi yamebadilishiwa jina. Wengine wanaapa hawarudi tena kwenye krimu za viwandani. Nimezitumia, na naona pande zote mbili zina hoja, ila hazilingani uzito.

Anayesema ni mafuta ya nazi tu hajakaa juu ya mbuzi. Nazi zikunwe, zikamuliwe tui zito, tui lilale usiku kucha mpaka mafuta yajitenge, au lichemshwe kwa moto mdogo na mtu asibanduke, maana likishika chini mafuta yote yananuka moshi. Na hapo krimu bado. Mafuta ya nazi huyeyuka kwenye nyuzi joto 24 au 25, na mchana wa Tanga umeshapita hapo. Ndiyo maana huongezwa nta ya nyuki, au mafuta ya msambu, mti wa misitu ya Amani kule Usambara Mashariki, ambayo huganda hata kwenye joto letu. Ya msambu ndiyo iliyonikaa vizuri zaidi: kwenye kopo ni ngumu, ukiisugua viganjani inalainika taratibu, na asubuhi ngozi haivutiki. Kazi hiyo ina haki ya kulipwa vizuri.

Kinachonikera ni pale muuzaji anaposema "haina kemikali" na kuishia hapo, kana kwamba ametoa dhamana. Bibi zetu waliposugua gongo la liwa, mti wa kunukia, juu ya jiwe la msio kwa marashi, walisugua cha kupaka siku ile ile. Singo ya kumsugua bi harusi nayo hutwangwa ikatumika, haikai kabatini miezi. Usalama wa njia zile ulikuwa kwenye upya wake. Ukichanganya maji ya waridi na mafuta, ukafungia kwenye kopo bila kihifadhi chochote, kisha mteja achovye kidole kila usiku, umewaandalia bakteria na ukungu makao. Kopo moja la namna hiyo lilianza kunichachia kabla halijafika nusu, na muuzaji akanijibu kwamba vitu vya asili ndivyo vilivyo. Hapana. Aliacha asili pale alipoongeza maji akaiweka krimu rafuni. Krimu ya mafuta na nta peke yake, isiyo na maji, hukaa muda mrefu bila shida hiyo.

Wenye chunusi pia waambiwe kwamba mafuta ya nazi huweza kuziba vinyweleo, na kwamba mafuta ya karafuu huwasha baadhi ya ngozi.

Hata hivyo siwezi kumcheka mwanamke anayetoa hela yake kwa kikopo hicho akikimbia mkorogo wa kujichubua. Zebaki na haidrokwinoni zimepigwa marufuku kwenye vipodozi nchini, lakini bado zinapatikana mitaani, na madhara yake tunayaona kwenye nyuso za watu wetu. Mbele ya hizo, nta na nazi ni nafuu kubwa. Ila tangu 2019 vipodozi viko chini ya Shirika la Viwango (TBS), na mtengenezaji anayetoza bei ya kitajiri hana kisingizio cha kukosa usajili, tarehe ya kutengenezwa na orodha ya vilivyomo.

Na kuna kazi ambayo krimu hizi hazifanyi hata zikitengenezwa kwa uangalifu wote: kukinga jua. Usiku nitaendelea kupaka ya msambu. Mchana, hasa kwa mwenye ualbino, inahitajika dawa ya kukinga jua iliyopimwa, kama Kilisun inayotengenezwa Moshi kwa ajili yao. Nayo ni kazi ya mikono ya hapa hapa nchini.